Amana ya Chumba katika Nchi ya Chai: Upangaji na Haki za Wanafunzi kutoka Fort Ternan hadi Kabianga

Amana ya nyumba ni fedha ambazo mpangaji humkabidhi mwenye nyumba kabla ya kuingia, zikae kwake kama kinga dhidi ya kodi isiyolipwa na uharibifu, kisha zirudishwe mpangaji anapohama. Katika kaunti za Kericho na Bomet watu wengi huziita dipoziti, na kiasi cha kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Kwa mwanafunzi aliyekodi chumba Kabianga, Kapsoit, mjini Kericho au mjini Bomet, mara nyingi hizo ndizo fedha za kwanza za maana kuziacha mikononi mwa mtu asiye wa ukoo wake, tena bila risiti na bila tarehe ya kurudishwa. Ugomvi huzuka siku ya kuhama. Mwenye nyumba hutaja rangi, kitasa, kioo na maji, na mwanafunzi huondoka na salio dogo au mikono mitupu.

Ugomvi huo una historia. Kwa zaidi ya nusu karne nchi ya chai haikuwa na wapangaji wengi kwa maana inayojulikana leo. Ilikuwa na wafanyakazi wa reli, maskwota wa mashamba ya walowezi na vibarua wa majani chai, ambao kwa kawaida walilala katika nyumba iliyofungamana na kazi. Sheria za upangaji zilitungwa kwa shida za miji mikubwa, zikawaacha nje watu wa namna hiyo. Mwanafunzi alipofika mwanzoni mwa karne ya 21 akitafuta chumba, alikuta soko changa la nyumba na sheria ambazo hazikuandikwa kwa kumfikiria yeye.

Reli, maskwota na nyumba ya kazi

Fort Ternan iko kwenye njia ya reli inayoteremka kutoka miinuko ya Mau kuelekea bonde la Nyando, katika sehemu ya Kipkelion ya Kaunti ya Kericho. Jina lake linatokana na Trevor Ternan, afisa wa jeshi la Uingereza aliyekaimu ukamishna wa Uganda mwishoni mwa karne ya 19. Wakati huo eneo hili lilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye, mwaka 1902. Reli ilikuwa imekwisha kupita, kwani ilifika ziwani Kisumu mnamo Desemba 1901.

Reli ndiyo iliyoleta huku nyumba ya kazi. Wafanyakazi wake waliishi katika makazi ya shirika kando ya stesheni, kila mmoja kwa cheo chake. Aliyeacha kazi, kufukuzwa au kuhamishwa alitoka pia katika nyumba. Hapakuwa na amana kwa sababu haikuhitajika: mwajiri alikuwa na mshahara mkononi, na deni lolote la mfanyakazi lingeweza kukatwa kabla haujamfikia.

Mashamba yaliyozunguka stesheni yalikwenda kwa walowezi, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kahawa ilistawi Koru na Fort Ternan. Hata ugunduzi wa visukuku ulioipa Fort Ternan sifa duniani ulitokea katika shamba la mlowezi, Fred Wicker, ambaye mtafiti Louis Leakey alimkumbuka katika jina la kisukuku, Kenyapithecus wickeri, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika mashamba ya aina hiyo Waafrika waliishi kama maskwota. Skwota alijenga kibanda chake, akalima kipande cha ardhi na kulisha mifugo yake, na badala ya kodi ya fedha alilipa kwa siku za kazi. Sheria ya mwaka 1918 iliweka siku hizo kuwa zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937 iliyapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kuongeza siku za kazi na kupunguza mifugo ya maskwota. Skwota aliyeondolewa aliacha nyuma kibanda alichokijenga kwa mikono yake na shamba alilolifyeka, na hakuwa na haki ya kisheria ya kudai fidia kama mpangaji. Huo ndio uhusiano wa kwanza kati ya mwenye ardhi na mkaaji katika eneo hili, na ndani yake hasara yote ya kuhama ilimwangukia mkaaji.

Chai ilikuja kwa nguvu mwaka 1924 na 1925, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanzisha mashamba makubwa Kericho juu ya ardhi iliyokuwa imechukuliwa kutoka kwa Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo mmoja wa Wakipsigis, kwenda Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Vibarua walitafutwa kote magharibi, wakiwemo Waluo, Wakisii na Waluhya, na wakapangwa katika safu za nyumba zilizoitwa laini. Sheria za kazi za kikoloni zilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi mahali pa kulala. Sharti hilo lilikuwa na faida yake, kwani lilimpa kibarua paa juu ya kichwa, lakini pia lilimfunga: kugombana na msimamizi wa shamba kulikuwa ni kugombana na mwenye nyumba.

Sheria za kodi na watu zilizowaacha

Wakati laini za chai zikijengwa, sheria za upangaji zilikuwa zikiandikwa Nairobi kwa shida za mijini. Mwaka 1938 ilitungwa sheria ya kukamata mali ya mpangaji anayedaiwa kodi, iliyofuata desturi ya sheria ya Uingereza. Ingali inatumika kama Sura ya 293 ya Sheria za Kenya. Inampa mwenye nyumba haki ya kukamata vitu vya mdaiwa, lakini si kwa mikono yake: kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni, kwa utaratibu uliowekwa.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, nyumba zikawa haba na kodi zikapanda. Serikali ikatunga sheria ya kudhibiti kodi mwaka 1940. Baada ya mageuzi kadhaa ikazaliwa Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, iliyoanza kutumika mwaka 1959. Sheria hii iliweka baraza la kuamua kodi halali ya nyumba, ikataja sababu ambazo kwazo tu mpangaji angeweza kuondolewa, na ikakataza mwenye nyumba kudai malipo ya ziada nje ya kodi kama sharti la kumpa mtu nyumba.

Katazo hilo la mwisho linahusu amana moja kwa moja. Fedha zinazorudishwa si malipo ya ziada. Ni mali ya mpangaji iliyowekwa kwa muda. Lakini fedha ambazo mwenye nyumba anajua tangu mwanzo kuwa hatazirudisha ni ada ya kuingilia iliyovikwa jina la amana, na ada ya kuingilia ndiyo hasa waliyoilenga waandishi wa sheria hiyo.

Hata hivyo milango ya Sura ya 296 ilikuwa miembamba. Kwanza, haikuhusu nyumba ambayo mtu amepewa kwa sababu ya kazi yake. Kwa neno hilo moja laini zote za mashamba ya chai na makazi yote ya reli yalibaki nje. Pili, ilihusu nyumba ambazo kodi yake halali haizidi kiwango fulani kwa mwezi. Kiwango hicho kilipandishwa kwa vipindi hadi kikafika shilingi 2,500, kikasimama hapo kwa miongo kadhaa huku bei ya kila kitu ikipanda. Leo bedsita yenye choo na bomba ndani huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Mwanafunzi anayeishi katika chumba kimoja cha mabati, anayechota maji uani, huenda bado analindwa na baraza. Mwenzake aliye katika ghorofa mpya ya jirani hana kinga hiyo, ingawa wote wawili wanaishi kwa mkopo uleule wa masomo.

Jinsi amana ilivyoingia

Amana ya fedha iliingia nchi ya chai baada ya uhuru, pamoja na mshahara na posho ya nyumba. Sheria ya Ajira ya mwaka 1976, na baada yake ile ya mwaka 2007, zilimtaka mwajiri atoe nyumba au alipe kiasi cha kumwezesha mfanyakazi kupanga. Mashamba makubwa yaliendelea na laini zao. Kwa mwalimu, muuguzi, karani na polisi asiye na nyumba ya serikali, posho ilimaanisha kutafuta chumba sokoni. Wenye viwanja katika miji ya Kericho, Litein, Bomet, Sotik na Kipkelion walijenga safu za vyumba kuzunguka ua mmoja, na jengo la namna hiyo likaitwa ploti.

Mwenye ploti alikuwa na hofu ya haki. Mtumishi wa serikali aliweza kuhamishwa kwa barua ya siku chache, akaondoka akiacha deni la maji na stima. Mwenye nyumba, tofauti na mwajiri, hakuwa na mshahara wa kukata. Amana ya mwezi mmoja ilijibu hofu hiyo: ilichukua nafasi ya makato ya mshahara. Lakini ndani ya jibu hilo yaliingia mazoea ya zamani, kwamba anayeshika fedha ndiye anayeamua peke yake ni kiasi gani cha kukatwa.

Wakipsigis na Wanandi walikuwa tayari na desturi iliyotoa mfano bora zaidi. Katika kimanagan, mtu mwenye ng'ombe alimpa mwenzake baadhi yao awatunze. Mtunzaji alikunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe walibaki mali ya mwenyewe, na mtunzaji hakuwa na ruhusa ya kuwauza wala kuwafanya wake kwa kuwa tu wamelala zizini kwake. Amana ya chumba ni ya sampuli hiyo. Mwenye nyumba anaitunza na pengine anaizungusha, ila si yake. Hata hesabu za biashara husema hivyo: fedha za kurudishwa huandikwa upande wa madeni, wala haziwi mapato mpaka ithibitike kwamba kuna kitu halali cha kulipiwa kwazo.

Mwanafunzi awa mpangaji

Kwa muda mrefu mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya hakuwa mpangaji wa mtu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichopata hadhi kamili mwaka 1970, walilala katika mabweni ya chuo na kula katika kumbi zake kwa gharama ya umma, na tangu 1974 kwa mkopo wa serikali. Mwaka huohuo wa 1974 sheria ilishusha umri wa utu uzima kutoka miaka 21 hadi 18. Kwa hiyo wengi wa wanafunzi waliweza kufunga mkataba kwa jina lao wenyewe, ingawa wachache tu walihitaji mkataba wa chumba.

Amana pekee waliyoijua ilikuwa ile inayotozwa na chuo siku ya kujiandikisha, fedha za tahadhari, ambazo wanafunzi huziita kosheni. Chuo hushika kiasi hicho dhidi ya vitabu visivyorudishwa na vifaa vilivyovunjwa, na mhitimu hukidai anapomaliza kupata sahihi za idara zote. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, hasa ucheleweshaji, lakini ulifundisha jambo moja: makato yalitakiwa kuwa na karatasi na sababu, na idara inayodai ilitakiwa kutaja inachodai.

Mambo yalibadilika mwaka 1991, serikali ilipoanzisha uchangiaji wa gharama za elimu ya juu. Wanafunzi walianza kulipa karo na kujinunulia chakula. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Idadi ya wanafunzi ilikua kuliko idadi ya vitanda, na vyuo vilipofunguliwa nje ya miji mikubwa, mabweni hayakutosha tangu siku ya kwanza.

Kabianga ni kielelezo cha mabadiliko hayo. Shule ya serikali ilianzishwa hapo mwaka 1925, wakati uleule kampuni za chai zilipokuwa zikipanda miche yao ya kwanza. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilifungua bewa mahali hapo. Mwaka 2009 likawa chuo kikuu kishiriki. Na mnamo Machi 2013 Chuo Kikuu cha Kabianga kikapata hati yake. Upande wa Bomet, Chuo Kikuu Kishiriki cha Bomet kiliundwa mwaka 2017 chini ya Moi. Ndani ya miaka kumi, vijiji vilivyozungukwa na majani chai vikawa na maelfu ya vijana wanaotafuta mahali pa kulala. Wenye mashamba madogo wakang'oa baadhi ya mistari ya chai na kujenga hosteli. Wengi wao hawakuwahi kuwa wenye nyumba kabla ya hapo, na wengi wa wapangaji wao hawakuwahi kupanga.

Fedha za kuingilia zilitegemea msimu. Wazazi wanaouza majani kwa viwanda vya wakulima wadogo kama Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros hungoja bonasi ya mwaka, ambayo kwa kawaida hulipwa kuelekea Oktoba, wakati muhula mara nyingi umekwisha kuanza. Mzazi wa Fort Ternan na mabonde ya chini hutegemea kahawa, miwa au maziwa. Mkopo wa HELB nao huja kwa tarehe zake. Kwa hiyo kodi ya mwezi wa kwanza na amana, ambazo pamoja ni kodi ya miezi miwili kwa mkupuo, mara nyingi hutokana na kuku au ndama aliyeuzwa, au mkopo wa chama. Familia inayotoa fedha hizo inazihesabu, na ina haki ya kuzihesabu, kama fedha zitakazorudi.

Makato na mazoea yake

Mazoea manne ya makato yalijijenga katika miaka hiyo, na yote yanapatikana katika miji ya vyuo kote nchini.

La kwanza ni rangi. Wenye nyumba wengi hukata kiasi kilekile kwa kila anayehama, awe amekaa miezi minne au miaka minne, kuta ziwe chafu au safi. Katika nchi ya mvua nyingi kama Kericho, ukuta hupata unyevu na ukungu hata mpangaji akiwa mwangalifu. Kumtoza mwanafunzi gharama ya mvua ni kumtwisha mzigo wa jengo lenyewe.

La pili ni notisi. Mikataba mingi humtaka mpangaji atoe taarifa ya mwezi mmoja, na asiyetoa hupoteza amana. Kalenda ya chuo humtega mwanafunzi hapa, kwa kuwa mitihani inaweza kusogezwa na chuo kinaweza kufungwa kwa ghafla.

La tatu ni la wanafunzi wenyewe: kukaa mwezi wa mwisho bila kulipa, amana igeuke kodi. Mazoea haya yametokana na kutoaminiana, nayo huzidisha kutoaminiana. Mwenye nyumba asiye na hatia hubaki na kitasa kilichovunjika na bili ya maji, bila kinga aliyoahidiwa. Haki ya amana ina pande mbili, na mwanafunzi anayeharibu mlango au kuondoka usiku anamharibia yule atakayekodi chumba hicho baada yake.

La nne ni kubadilika kwa mikono. Ploti huuzwa, au mlinzi wa nyumba, yule anayeitwa keateka, huondoka, na mwenye nyumba mpya husema hajapokea chochote. Mwanafunzi aliyelipa fedha taslimu bila risiti hana la kuonyesha.

Mwaka 2020 ulifichua udhaifu wa mazoea yote hayo kwa pamoja. Katikati ya Machi serikali ilifunga shule na vyuo kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wakatakiwa kwenda nyumbani kwa haraka. Wengi waliacha magodoro, majiko na vitabu vyumbani wakidhani ni kwa majuma machache. Vyuo vilianza kufunguliwa kwa awamu miezi kadhaa baadaye. Amana zililiwa na kodi ya vyumba visivyolaliwa, na mahali pengine vitu vilitolewa nje au kuzuiliwa. Mikataba mingi, kama ilikuwepo, haikusema lolote kuhusu janga la namna hiyo.

Sheria ilivyo

Hakuna sheria ya Kenya inayoeleza kwa ukamilifu amana ya nyumba ya kuishi iwe kiasi gani, ishikwe wapi na irudishwe lini. Hilo halimaanishi kwamba mwanafunzi hana haki. Haki zake zimetawanyika katika sheria kadhaa.

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaweka masharti yanayohesabiwa kuwemo katika kila mkataba wa kukodi hata yasipoandikwa. Mwenye nyumba anatakiwa kumwacha mpangaji akae kwa amani. Mpangaji anatakiwa kurudisha nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa matumizi ya kawaida, na isipokuwa uharibifu wa moto, mafuriko au maafa mengine ambayo hayakutokana na uzembe wake. Hapo ndipo kilipo kipimo cha makato. Rangi iliyopauka, sakafu iliyochubuliwa na miguu na bawaba iliyolegea kwa kufunguliwa kila siku ni uchakavu wa kawaida. Kioo kilichopigwa mpira na sinki lililovunjwa si uchakavu. La kwanza hulipiwa na kodi, la pili linaweza kulipiwa na amana, kwa gharama halisi ya kutengeneza na si kwa kiasi cha kukisia.

Sheria hiyohiyo inasema kwamba upangaji wa mwezi hadi mwezi huvunjwa kwa taarifa isiyopungua muda wa kipindi cha kodi. Anayelipa kila mwezi anadaiwa taarifa ya mwezi, na yeye pia anastahili kupewa taarifa ya mwezi. Kumfungia mwanafunzi chumba kwa kufuli, kung'oa mlango au kushikilia kompyuta yake kwa sababu ya deni, bila dalali wala amri, ni kuruka utaratibu wa Sura ya 293 iliyodumu tangu 1938.

Njia ya kudai imekuwa nyepesi kuliko zamani. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilitungwa mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ilianza kazi Milimani, Nairobi, mnamo Aprili 2021. Mahakama hizo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, zinatakiwa kumaliza shauri ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujisimamia bila wakili. Hazisikilizi mabishano ya nani amiliki ardhi au akae wapi, lakini fedha zilizoshikwa na mtu kwa niaba ya mwingine zimo katika mamlaka yao. Dai la mkataba lina muda wa miaka 6, kwa hiyo mwanafunzi aliyenyimwa amana mwaka wa kwanza bado anaweza kuidai akiwa amehitimu.

Ushahidi nao umebadilika. M-Pesa ilizinduliwa mwaka 2007, mwaka ambao bewa la Kabianga lilifunguliwa, na tangu hapo malipo ya kodi yameacha alama yenye tarehe, kiasi na jina la mpokeaji. Picha za simu zilizopigwa siku ya kuingia na siku ya kutoka huonyesha hali ya chumba kuliko maneno ya mashahidi.

Kwingine duniani na pengo la Kenya

Nchi nyingine zilikwisha kutambua kwamba tatizo la amana ni nani anayeishika. Jimbo la New South Wales nchini Australia liliunda bodi ya kushika amana za wapangaji mwaka 1977. Uingereza ilianza kuwataka wenye nyumba waweke amana katika mpango uliosajiliwa tangu Aprili 2007, na mwenye nyumba asiyefanya hivyo anaweza kuamriwa alipe hadi mara tatu ya amana. Sheria ya mwaka 2019 ikaweka kiwango cha majuma matano ya kodi kwa nyumba nyingi. Katika mipango hiyo, anayetaka kukata ndiye anayepaswa kuthibitisha. Uganda ilipata sheria yake mpya ya wenye nyumba na wapangaji mwaka 2022.

Kenya imejaribu zaidi ya mara moja. Miswada ya mwaka 2007 na 2021 ilikusudia kuunganisha Sura za 293 na 296 pamoja na Sura ya 301 inayohusu maduka na hoteli, ziwe sheria moja. Muhula wa Bunge ulioisha mwaka 2022 ulikwisha bila mswada wa 2021 kuwa sheria.

Kinachohitajika si kikubwa. Amana iwekewe kiwango. Irudishwe ndani ya siku zilizotajwa. Kila makato yaambatane na orodha na risiti. Na kiwango cha shilingi 2,500 kilinganishwe na kodi za leo. Vyuo vikuu vya Kabianga na Bomet, pamoja na vyama vyao vya wanafunzi, vinaweza kuanza bila kungoja Bunge, kwa kuandaa mkataba wa mfano na orodha ya ukaguzi wa chumba, na kuwasajili wenye hosteli wanaokubali kuvitumia. Mwenye nyumba mwadilifu hatapoteza kitu, kwani mkataba ulio wazi humlinda yeye pia.

Mpaka hapo, mwanafunzi anayechukua chumba alipe kwa njia inayoacha alama, aandikiwe kwamba fedha ni amana ya kurudishwa, apige picha za kuta na vifaa mbele ya mwenye nyumba, atoe taarifa kwa maandishi mwezi mmoja kabla ya kuhama, na adai orodha ya kila kilichokatwa. Fedha hizo ni zake na za wazazi wake, na hubaki zake mpaka mwenye nyumba athibitishe vinginevyo.